Kabla hujapigilia msumari

Ndugu yangu Baba Rehema,

Salamu zako, za shemeji na za watoto mmoja mmoja. Sisi wazima, mgongo wangu ndio ule ule. Najua barua ilikuwa zamu yangu na najua utanisema. Utanisema baadaye.

Kilichonishikisha kalamu ni maneno ya Mama Tatu. Jana alikuwa anaongea na shemeji kwenye simu, alipomaliza akanipitia jikoni akicheka: eti unatundika lile kabati la vitabu ukutani, juu ya kitanda cha Rehema, na misumari ya zege ya inchi 4 umeshanunua. Yeye alicheka, mimi sikucheka. Usiku nimelala nawaza kichwa cha yule mtoto.

Sikiliza. Mbao ukiipigilia msumari, nyuzi zake husogea kisha huubana. Tofali la kuchoma halisogei. Hupasuka au humeguka, na msumari unabaki umekaa kwenye unga. Leo utauvuta kwa mkono useme umeshika. Mimi nilisema hivyo hivyo.

Unaikumbuka rafu yangu ya sebuleni? Ilikaa miezi minane, usiku mmoja ikashuka na kila kitu. Athumani akasema ni jini. Jini gani! Nilipookota skrubu nikakuta zimetoka pamoja na plagi zake, vile vibomba vya plastiki vya kuingiza tunduni kabla ya skrubu, karibu zote nyeupe. Wekundu wa tofali ulikuwa nchani tu. Plagi zilikuwa za milimita 30, na lipu peke yake ilikula 20. Nilikuwa nimetundika vitabu kwenye lipu, ndugu yangu.

Na kuna jambo sikulijua mpaka nilipokaa na karatasi. Mtu hudhani mzigo unavuta kwenda chini tu. Kumbe unavuta na kutoka nje, kama mtu anayebandua. Rafu yangu ilikuwa na kina cha sentimita 30 na vyuma vyake vilishika ukuta kwa kimo cha sentimita 10 tu. Kwa vipimo hivyo, kilo 20 za vitabu huzivuta skrubu za juu kama kilo 30 zikitaka kuzing'oa. Kabati lako ni refu kwenda juu, kwa hiyo una nafuu kuliko mimi, lakini skrubu za juu ndizo zitakazobeba ugomvi wote. Hizo usizifanyie ubahili.

Fanya hivi. Chukua drili, biti ya ukuta, plagi za milimita 8 na skrubu nene, kama milimita 5 au 6. Biti iwe 8 ile ile, siyo 10 eti ndiyo iliyopo. Plagi hushika kwa sababu skrubu inaitanua ikabana kuta za tundu. Tundu likiwa pana, inatanuka hewani. Funga utepe kwenye biti uone kina: hesabu lipu, ongeza urefu wote wa plagi, ongeza sentimita 1 ya vumbi kukaa. Kisha toa vumbi, toa vumbi, toa vumbi. Pulizia kwa mrija, fumba macho, vaa na barakoa maana unga ule si wa kuvuta. Skrubu nayo iwe ndefu kiasi cha kufika mwisho wa plagi, kwa kuwa huko ndani ndiko inakotanukia. (Hizi za nailoni aliziunda Mjerumani Artur Fischer mwaka 1958. Nimeshangaa, nilidhani zimekuwepo tangu dunia.)

Tazama vumbi linalotoka. Jekundu, uko kwenye tofali. Kijivu, umeangukia kwenye saruji kati ya tofali na tofali. Mafundi hugombana hapa. Mimi nasema tofali zima, katikati yake, mbali na kingo. Ile saruji ukiikwaruza kwa msumari ikatoka kama mchanga, usiiamini hata kwa kalenda. Drili ikichumpa ghafla kama imeanguka shimoni, basi matofali yako yana matundu: zima ile nyundo ya drili, yaani mpigo wake wa kugonga, toboa kwa kuzungusha tu, utafute plagi ndefu za kujikunja ndani. Zile bolti za chuma za kutanuka anazozisifu Baba Shani usiziguse. Kwenye zege sawa. Kwenye tofali, karibu na ukingo, ukikaza kidogo zaidi unalipasua mwenyewe.

Usitoboe juu wala chini ya swichi, waya hupita humo. Hilo unalijua, naandika kwa woga tu.

Lakini narudi palepale: kwa nini juu ya kitanda? Hata ukifunga vizuri kuliko mimi, na utafunga vizuri kuliko mimi, ukuta mwingine si upo? Ule wa mlangoni je? Au kitanda ndicho kihame?

Nijibu haya upesi. Ukuta wa chumba kile ni matofali mazima au yenye matundu? Lipu yake umewahi kuiona unene? Ukigonga inalia mvungu? Kabati umelipima likiwa na vitabu, au unakisia? Drili utaazima kwa nani, na ina kitufe cha kuzima nyundo? Rehema mwenyewe anasemaje? Na pima maji yangu bado iko kwako, au nayo umeshamwazima Baba Shani?

Misumari usirudishe dukani, utanipa mimi. Nina banda la kuku.

Wako,
Baba Tatu