Kitabu cha darasa la kwanza kisingoje mfadhili

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba misaada ya elimu ni maji yaliyomwagwa mchangani, na kwamba nchi kama yetu ingepewa barabara na bandari, elimu ingefuata yenyewe. Nimesomesha Likoni miaka 31. Naomba nimjibu.

Januari 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure, darasa langu lilitoka watoto 48 likafika 113 kwa juma moja. Walikaa sakafuni, wengine madirishani. Mataifa yaliyokutana kujadili elimu kule Jomtien, Thailand, mwaka 1990, kisha Dakar, Senegal, mwaka 2000, yalitaka kila mtoto aingie skuli, na kwetu waliingia kweli. Lakini watoto wanne walishika kitabu kimoja. Nilikuwa na kijana mmoja, mtoto wa chuo cha Kurani mwenye hifadhi kali, akinisomea ukurasa mzima bila kukwama. Siku moja nikasogea karibu: kitabu kilikuwa wazi ukurasa mwingine kabisa. Alikuwa amehifadhi sauti za wenzake. Katika hesabu za wakubwa yeye ni mtoto aliyepata elimu.

Mwaka 2015 ukaja mradi wa Tusome, wa kuwafundisha watoto wadogo kusoma, kwa fedha za Marekani na Uingereza. Kila mtoto kitabu chake, cha Kiswahili na cha Kiingereza. Wallahi, nilianza kumsikia kila mtoto kwa sauti yake. Mama mmoja muuza mahamri alikijalidi cha bintiye kwa karatasi ya pakiti ya unga, akakishona kwa uzi mweusi.

Sasa USAID, shirika la misaada la Marekani, limefungwa tangu 2025. Hapa nakubaliana na mwenzetu nusu: haifai kusoma kwa mtoto wa Likoni kutegemee uchaguzi wa Washington. Lakini dawa si kuiacha elimu. Hiyo bandari anayoitaka, mwendesha kreni pale Kilindini husoma maagizo kabla ya kugusa mtambo. Alijifunza wapi?

Chekechea iko mikononi mwa kaunti, msingi ni wa serikali kuu. Wabunge wetu waiulize Hazina kila Juni bajeti inaposomwa: vitabu vya watoto wadogo viko wapi, kabla ya semina na magari?

Kile kitabu chenye jalada la unga nilikiona mwezi uliopita. Kimefika kwa mdogo wa mwisho wa binti yule. Kurasa nne hazipo.

Mwalimu mstaafu,
Likoni, Mombasa