Utafiti wa kwetu uandikwe kwa lugha yetu

Mhariri,

Chanjo ya malaria ya RTS,S, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, ilijaribiwa pia hapa jirani Kilifi. Watoto wa Pwani walidungwa kwa idhini ya wazazi wao. Matokeo yalipotoka, ni wazazi wangapi waliyasoma kwa Kiswahili kinachoeleweka? Siasa hupewa kurasa nzima, utafiti aya mbili chini ya tangazo la viwanja.

Wala si tiba peke yake. Hisabati wengi huiona haina kazi baada ya mtihani. Mwaka 1909, A. K. Erlang wa Denmark alichapisha hesabu za msongamano wa simu, na elimu ya foleni ikaanzia hapo. Kwa hesabu ya msingi ya elimu hiyo, wateja wakija ovyo ovyo, muda wa kumhudumia kila mmoja nao ukibadilika ovyo ovyo, na mhudumu mmoja akawa na shughuli asilimia 80 ya muda, wastani wa watu walio dirishani na kwenye foleni ni wanne. Akifika asilimia 90, wanakuwa tisa. Kazi imeongezeka kidogo tu, msongamano umezidi maradufu! Mvukaji wa Likoni hahitaji kuelezwa mara mbili (ingawa feri hubeba watu kwa mkupuo, na hesabu yake ni ngumu zaidi).

Umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria, kule Naivasha, nao unazalishwa tangu 1981. Waulize vijana wa Kisauni kama wanajua unavyopatikana.

Naomba ukurasa mmoja kila wiki, watafiti waandike, wahariri wako wawanyooshee lugha. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kipo hapo Tudor; waalikeni.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa