Haki tunayoidai Kenya tuwadaie na Wabahai

Mhariri,

Hapa Malindi, kila inapotajwa hali ya wasio Waislamu katika nchi za utawala wa Kiislamu, wengi wetu hujibu kwa historia. Tunamtaja Najashi, mfalme Mkristo wa Habasha aliyewahifadhi Waislamu wa mwanzo, tunawataja Wakristo wa Najran, Arabuni, waliopokewa na Mtume Madina, kisha tunasoma aya ya 256 ya Suratul Baqara: hapana kulazimisha katika dini. Mimi ni Muislamu na hayo najivunia. Lakini aliyeuliza aliuliza habari za leo.

Mji wetu wenyewe una ushahidi. Kanisa dogo la Wareno pale ufukweni lilijengwa wakati Malindi ina mfalme Muislamu. Padri Francis Xavier alipopita mwaka 1542 akielekea Goa, alimzika hapa mtu wa merikebu yake, na barua yake inasema Waislamu waliyasifu mazishi yale. Anasimulia pia kwamba mkubwa mmoja wa mji alimlalamikia kuwa katika misikiti 17, inayoswaliwa ni mitatu tu. Muislamu yuko kwao, anamfungulia moyo padri mgeni kuhusu udhaifu wa ibada ya watu wake! Najua Wareno walikuwa na mizinga, na urafiki ule ulitiwa nguvu na uhasama wetu na Mombasa. Hata hivyo mazungumzo yale yalifanyika.

Sasa tutazame Iran. Kifungu cha 13 cha katiba yake kinawatambua Wazoroasta, Wayahudi na Wakristo. Wabahai, ambao dini yao ilizaliwa hukohuko karne ya 19, hawamo, na vijana wao hufungiwa milango ya vyuo vikuu. Juni 1983, mjini Shiraz, walinyongwa wanawake 10 wa imani hiyo. Mmoja alikuwa na miaka 17, na miongoni mwa makosa yake ni kuwafundisha watoto dini. Pakistan nako, sheria ya 1984 inaweza kumfunga Muahmadiya, mfuasi wa kundi linalojihesabu la Kiislamu ila sheria ya huko hailitambui hivyo, hadi miaka 3 kwa kuadhini tu, au kwa kuiita nyumba yake ya ibada msikiti. Itikadi ya Waahmadiya naipinga. Lakini kuipinga ni kazi ya hoja, na polisi hana la kufanya baina ya mja na Mola wake.

Nitajibiwa kwamba dhimma, yaani ahadi ya dola ya Kiislamu kwa raia wasio Waislamu, ilikuwa ulinzi. Ni kweli, na Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 walipata hifadhi katika dola ya Uthmania. Ila mwenye kulindwa alitozwa jizya, kodi ya wasio Waislamu, na hakuwa sawa na mlinzi wake. Nani kati yetu angekubali kulindwa hivyo na serikali ya Nairobi? Sisi ni wachache katika Kenya. Makanisa mengi yalipoipinga Mahakama ya Kadhi katika katiba ya 2010, tulipaza sauti, na kifungu cha 170 kikabaki. Tunaegemea pia kifungu cha 8, kisemacho hakuna dini ya taifa, na cha 32 kinachomwachia kila mtu imani yake.

Nawaomba maimamu na masheikh wetu: mtakapotoa tamko jingine kuwatetea Waislamu wa Myanmar au wa Xinjiang kule China, nami nitaliunga mkono, waandikeni humohumo Wabahai wa Iran na Waahmadiya wa Pakistan. Na tamko hilo lipelekwe kwenye balozi za nchi hizo mbili Nairobi, lisiishie mimbarini.

Mkaazi wa Shela, Malindi