Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya uvuvi

YAH: JENERETA MOJA YA FRIZA YA SAMPULI ZA MAJI YA BAHARI

Mheshimiwa, salaam. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Juzi ulirudia jukwaani kuwa bahari yetu ina utajiri usiopimika. Usiopimika ni kweli kabisa, maana vya kupimia havipo.

Ile buluu angavu ya kwenye vipeperushi vya watalii ni rangi ya njaa. Katika maji ya juu ya tropiki, naitreti, mbolea ya mimea ya baharini, mara nyingi haifiki hata nusu ya maikromoli kwa lita. Ukishuka hadi vilindi vya Bahari ya Hindi inapita 30. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho hula chote kilichopo juani. Ikifa, au ikiliwa na kunyewa, mabaki huzama na kuozea gizani, ambako hakuna mmea wa kuyatumia. Juu yake maji ya moto, mepesi, yamekaa kama kifuniko cha sufuria.

Kifuniko hicho Somalia hufunuliwa na upepo. Kati ya Juni na Septemba kusi huvuma sambamba na pwani yao, husukuma maji ya juu kwenda mbali, na ya baridi yenye virutubisho hupanda. Kwetu kusi hiyohiyo husukuma maji kuja ufukweni. Kwa hiyo mpango wa uvuvi ulionakiliwa kutoka Somalia, au Peru ambako nako maji ya chini hupanda, hautufai, hata ukizinduliwa mara tatu. Sisi tunategemea kusi kukoroga tabaka la juu, maji yanayovurugika kwenye Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na bara, na tope la Rufiji baada ya masika. Kipi kinalisha dagaa na vibua zaidi? Sampuli za maji za msimu huu zilikuwa zianze kujibu.

Zilichotwa kwa chupa za Niskin, zinazofungwa zikiwa kwenye kina kinachotakiwa, kuanzia mita 5 hadi 200, zikachujwa, zikatiwa kwenye chupa za plastiki zilizooshwa kwa asidi ya asilimia 10 na kusuuzwa mara tatu kwa maji yaleyale. Zilijazwa robo tatu tu kabla ya kuingia friza, kwa sababu maji yakiganda hutanuka. Za kupima silikati, kirutubisho kingine, ziliwekwa kando kwenye friji ya nyuzi 4, kwani zikigandishwa hutoa kipimo pungufu. Sigara ilipigwa marufuku sitahani, maana moshi wake una amonia, nayo huharibu vipimo. Kazi ilifanywa ipasavyo, Mheshimiwa.

Kisha umeme ukakatika Ijumaa jioni, ukarudi Jumatatu. Friza iliyojaa, isiyofunguliwa, huvumilia takriban siku mbili, na maji ya chumvi huyeyuka kabla hata ya kufika nyuzi 0. Jumatatu chupa zilikuwa zinaelea kwenye dimbwi, lebo zimebanduka. Bakteria waliopenya chujio waliamka, wakala, wakatoa amonia, na naitreti haikubaki ilivyokuwa. Kugandisha upya hapo ni kuhifadhi uongo.

Jenereta iliahidiwa tangu bajeti iliyopita. Kila tukiuliza tunajibiwa mchakato unaendelea. Bakteria nao wana mchakato wao, na haukusubiri wa ofisi yako.

Tuliwahi kuomba meli ya utafiti. Futa. Tukaomba winchi mpya na mashine ya kupima fosfeti na naitreti kwa mkupuo. Futa pia, tutapima kwa mkono, chupa baada ya chupa. Tunaomba jenereta ya kVA 3, inayotosha kubeba mshtuko wa friza inapowaka, swichi ya kujibadili yenyewe umeme ukikatika usiku wa Jumamosi, na dumu moja la dizeli la lita 20.

Kusi inakatika mwezi huu. Nyingine ni mwakani. Jenereta moja, Mheshimiwa. Hata ya mtumba.

Ni sisi watiifu wako, kwa sasa,
Wataalamu wa maabara ya maji ya bahari