Kaka, huo wembe usiulipie bei ya 1790

Kaka yangu shikamoo. Natumai huko Uingereza mko salama, shemeji na watoto nawasalimia sana. Picha za ule wembe wa kukunja nimeziona zote na nimezikuza mpaka mwisho, nikaona badala ya kukujibu vipande vipande kwenye WhatsApp bora niandike hapa hadharani, maana kuna watu wengi wanakumbana na kitu hiki hiki, muuzaji anakwambia mali ya 1790 enzi za King George na wewe mkono uko mfukoni tayari. Subiri kwanza.

Wembe wenyewe ni mzuri na mi nimeupenda, ila umri aliokutajia sio wake, na ushahidi wote umegongwa kwenye chuma chenyewe. Angalia kile kipande kati ya makali na mkia, pale kinyozi anapokamata kwa kidole gumba, mafundi wa zamani chapa zao walikuwa wanagonga hapo. Wako una taji katikati ya G na R, chini yake Joseph Rodgers & Sons, halafu Cutlers to His Majesty, yaani mafundi visu wa mfalme, halafu Sheffield, ule mji wa viwanda vya visu huko Uingereza, na mwishoni kabisa kwa herufi ndogo England. Muuzaji ameona G R akasimamia hapo hapo. Sawa, G R ni mfalme George, lakini George yupi? W R ni William IV, alitawala 1830 mpaka 1837, miaka saba tu, hivyo ukikuta hiyo kazi imeisha. V R ni Victoria, 1837 mpaka 1901. Kina George sasa ndo wanachanganya watu, kuna wa tatu aliyeingia 1760 akafa 1820, akafuata wa nne mpaka 1830, halafu hakuna George mwingine mpaka 1910 alipoingia wa tano akakaa mpaka 1936, na wa sita akafuata mwaka huo huo. Yaani herufi mbili zile zile zinaweza kukurusha zaidi ya miaka mia.

Kinachoamua ni hilo neno England. Marekani walipitisha sheria ya ushuru mwaka 1890, ikaanza kubana 1891, kwamba bidhaa ikitoka nje lazima iandikwe nchi ilikotengenezwa, na Marekani ndo ilikuwa soko kubwa la viwanda vya Sheffield kwa miaka mingi, kwa hiyo wakaanza kugonga England. Ukiliona hilo neno kwa kawaida wembe ni wa baada ya hapo. Ila usigeuze ukasema usipoliona basi ni wa zamani, hapana, mali ya kuuzwa nyumbani kwao haikulazimika kuandikwa hivyo. Sasa weka taji la George pamoja na England, umeshamtupa George wa tatu na wa nne nje. Halafu kuna hili, Rodgers walipewa heshima ya kumhudumia mfalme mwaka 1822, chini ya George wa nne, sasa huyo wa 1790 angejiitaje fundi wa mfalme?

Na umbo linakubaliana na chapa. Nyembe za zamani zile ni nzito, ukizitazama kwa mbele ni kabari kabisa, mgongo mnene unashuka moja kwa moja mpaka makali. Wako umebonyea pande zote mbili, mwembamba, kunoa kwa namna hiyo kulishika kasi mwishoni mwa karne ya 19 na wa Solingen kule Ujerumani ndo walioutia ubingwa. Kwa hiyo mi nauweka baada ya 1910, na sidhani kama unapita sana miaka ya 30 maana wembe wa Gillette wa kubadilisha kipande ulikuwa sokoni tangu 1903 na hii biashara ilikuwa inashuka.

Ule wa pili wenye picha ya mapacha ni Henckels wa Solingen. Hiyo chapa ilisajiliwa 1731 na bado inatumika mpaka leo, hivyo akikwambia wembe ni wa 1731 ujue amekutajia umri wa chapa. Kwenye huo tafuta neno Germany, na ukikuta West Germany hauwezi kuwa wa kabla ya 1949.

Mpini nao uangalie vizuri. Ukiusugua kwa kidole mpaka upate joto halafu ukanuka kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki ya zamani, na seluloidi ikianza kuoza inatoa hewa inayokula chuma, kutu unaiona pale pale wembe unapolala ndani ya mpini. Pembe ya ng'ombe ukiiweka kwenye mwanga unaona nyuzi nyuzi. Ikiwa ni pembe ya ndovu achana nayo kabisa, huko Uingereza kuuza na kununua kumebanwa na sheria iliyoanza kufanya kazi 2022, na kuja nayo uwanja wa ndege wa huku ni kujitafutia kesi.

Lakini kubwa ninalokuomba kaka, tena nakuomba kwa moyo wote, usimpe mtu aung'arishe kwa mashine. Chapa zimegongwa juu juu tu, msasa kidogo na England imeondoka, na pale R ilipokuwa unabaki na alama isiyosomeka, halafu hakuna mtu duniani atakayeweza tena kusema huo wembe ni wa nani. Kutu ifute taratibu kwa mafuta na kitambaa, weusi uliokolea kwenye herufi uache, ndo unaozifanya zisomeke.

Mwambie muuzaji bei ya George wa tano, muonyeshe hiyo England kwa kidole. Halafu nipigie picha upande wa pili wa mkia, taa ikae pembeni sio juu, naona kama kuna nyota na msalaba mdogo pale ila kivuli kimeziba.