Fasihi ya Ufilipino isigeuzwe fimbo ya kukichapia Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nimjibu mchangiaji wako ambaye, akitetea Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, alitoa mfano wa Ufilipino: nchi ambayo mwaka 1898 ilikuwa haijui Kiingereza, lakini baada ya miaka isiyozidi thelathini ikawa na washairi na watunzi wa hadithi walioimudu lugha hiyo kana kwamba wameinyonya kwa mama. Kauli hiyo si ya uongo. Nilifundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi, na waandishi hao nimewasoma kwa mapenzi yangu, bila kulazimishwa na muhtasari wowote. Ndiyo maana naona mfano huo ulikatizwa pale hasa ulipokuwa unaanza kunoga.

Mchangiaji hakueleza lugha hiyo ilifikaje. Wafilipino walikuwa wamekaa chini ya Hispania kwa zaidi ya miaka mia tatu, wakaasi mwaka 1896, na tarehe 30 Desemba mwaka huo Wahispania wakampiga risasi José Rizal, ambaye riwaya zake mbili, zote za Kihispania, zilikuwa zimewafumbua watu macho. Miaka miwili baadaye Mkataba wa Paris uliipa Marekani visiwa vile kwa dola milioni 20, wenyewe wasiulizwe, na kuanzia 1899 vita vikapiganwa upya dhidi ya bwana mpya. Agosti 1901, risasi zikiwa bado zinalia katika baadhi ya majimbo, meli ya jeshi iliyoitwa Thomas ilitia nanga Manila ikiwa na walimu wa Kimarekani wapatao 500. Sheria ya elimu ya mwaka huo ilikuwa tayari imekifanya Kiingereza lugha ya shule. Nakiri kwamba watu walizikimbilia shule hizo, maana Wahispania hawakuwa wamekieneza Kihispania kwa watu wa kawaida, na sasa lugha ya mtawala iligawiwa bure. Lakini mtu akisifu mavuno, ni vyema akumbuke pia shamba lilipatikanaje.

Mavuno yenyewe yalichukua muda. Chuo Kikuu cha Ufilipino kilianzishwa mwaka 1908, na riwaya ya kwanza ya Kiingereza, ya Zoilo Galang, ilitoka 1921. Hadithi fupi ambayo wahakiki wengi huihesabu kuwa ya kwanza kukomaa ni “Dead Stars” ya mwaka 1925. Aliyeiandika ni Paz Marquez Benitez, mwalimu wa chuo hicho, na sijui kwa nini wanaosimulia historia hii huwa na haraka ya kumpita mama huyu ili wawafikie wanaume. Ndani yake Alfredo, aliyekwisha kuchumbia, anampenda msichana mwingine, anashindwa kuvunja ahadi, anaoa alikoposa. Miaka minane baadaye anakutana tena na yule msichana na kugundua kwamba kwa muda wote huo alikuwa akiitazama nuru ya nyota iliyokwisha kufa.

Hata hivyo asidhani mtu kwamba Wafilipino walisubiri Kiingereza ndipo wajue kutunga. Mwaka 1906, miaka kumi na mitano kabla ya Galang, Lope K. Santos alikuwa ametoa kitabuni *Banaag at Sikat*, riwaya ya Kitagalogi, lugha ya wenyeji wa Manila na maeneo yake, inayojadili ujamaa na haki za wafanyakazi. Wale wa Kiingereza walianza chini, wakiwa wanafunzi wanaoiga vitabu vya darasani, wakati jirani zao wa Kitagalogi walikuwa tayari wanabishana na matajiri.

Ubishi huo uliwafikia baadaye. José Garcia Villa, mshairi aliyesimamishwa masomo mwaka 1929 kwa mashairi yaliyoonekana machafu, alihamia Marekani na kushikilia kwamba sanaa haina deni kwa yeyote. Baadaye akafikia hatua ya kuweka mkato baada ya kila neno katika mashairi yake, jambo ambalo wengine huliita ufundi na mimi huniumiza macho. Salvador P. Lopez alimpinga kwa insha zake juu ya fasihi na jamii, zilizoshinda tuzo ya serikali mwaka 1940.

Mwaka huohuo tuzo ya hadithi fupi ilikwenda kwa Manuel Arguilla, na hapa naomba nitulie kidogo. Katika hadithi yake mashuhuri, Leon, kijana wa kijijini aliyesoma Manila, anamleta nyumbani mkewe Maria, binti wa mjini. Mdogo wake Baldo anatumwa kuwapokea. Baba amemwagiza awachukue kwa mkokoteni wa fahali, tena apitie mashambani gizani badala ya barabara kuu. Hakuna anayeeleza sababu, lakini msomaji aliyewahi kuona mkwe akipimwa kwa mzigo wa kuni au kwa moshi wa jikoni anaelewa mara moja. Maria humwita mumewe Noel, na Baldo ana wasiwasi kwamba baba hatalipenda jina hilo, ingawa ni Leon lilelile lililogeuzwa nyuma mbele. Kwa maoni yangu fasihi yote ya Ufilipino ya Kiingereza imo katika jina hilo: ni mtoto wa nyumbani anayerudi akiitwa kwa namna ambayo wazee wake hawaijui. Arguilla aliuawa na Wajapani mwaka 1944.

Kuna waliorudi, na kuna ambao hawakurudi. Carlos Bulosan aliondoka jimbo la Pangasinan akafika Seattle, Marekani, mwaka 1930, akafanya vibarua vya mashambani na kushiriki harakati za vyama vya wafanyakazi, kisha mwaka 1946 akaandika *America Is in the Heart*, kitabu ambacho ndani yake Marekani ya darasani na Marekani inayompiga mtu barabarani zinakutana uso kwa uso. Bienvenido Santos ana sauti ya chini zaidi. Katika hadithi yake ya harufu ya matofaa, Mfilipino mkulima, Fabia, anaendesha gari mbali kwenda kumsikiliza mwenzake aliyealikwa kuhutubia huko Kalamazoo, na swali lake mbele ya hadhira ni kama wanawake wa kwao bado wako vile walivyokuwa miaka ishirini iliyopita. Nyumbani kwake kuna picha iliyofifia ya mwanamke aliyevaa nguo za Kifilipino, ambaye Fabia mwenyewe hamjui. Mgeni anapoagana naye anajitolea kupeleka salamu kijijini, naye Fabia anakataa kwa upole: hakuna atakayemkumbuka.

Waliofuata nitawataja kwa kifupi. Nick Joaquin aliandika tamthilia ya dada wawili wanaokataa kuuza mchoro wa baba yao katika nyumba ya Intramuros, mji mkongwe ulioteketea katika vita vya Manila mwaka 1945. F. Sionil José alitumia riwaya tano kusimulia ardhi na dhuluma ya makabaila kuanzia mji mdogo wa Rosales. Rais Ferdinand Marcos alipotangaza sheria ya kijeshi mwaka 1972, waandishi waliwekwa kizuizini, miongoni mwao Ninotchka Rosca, aliyeandika *State of War* akiwa uhamishoni.

Mchangiaji wako atauliza: je, huu si ushindi wa Kiingereza? Gémino Abad, mshairi wa huko, amewahi kudai kwamba Wafilipino nao wamekitawala Kiingereza, na sina haja ya kumbishia. Ila nchi yenye lugha zaidi ya mia moja iliamua tangu 1937 kujenga lugha ya taifa juu ya Kitagalogi, na katiba yake ya 1987 inatambua Kifilipino kuwa lugha ya taifa, Kiingereza kikibaki lugha rasmi pamoja nacho. Fabia wa Santos angeweza kuisoma hadithi yake mwenyewe. Ndugu zake kijijini sina hakika wangeweza.

Mwaka 1962 wanandoa wawili, Edith na Edilberto Tiempo, walianzisha warsha ya waandishi katika Chuo Kikuu cha Silliman, mjini Dumaguete, ambayo ililea vizazi vya watunzi wa Kiingereza. Mwaka huohuo, Makerere, waandishi wa Kiafrika walikutana katika mkutano ambao jina lake lenyewe lilikuwa limewafungia mlango wote wasioandika Kiingereza, na Shaaban Robert alifariki mwaka huo bila kuwa na kiti pale. Kama ni kulinganisha, tuanzie hapo, na mchangiaji wako aandae jibu lake kwa kuisoma kwanza hadithi ya Arguilla. Ni fupi, ataimaliza kabla chai haijapoa.

Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Tanga