Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Kava Lirudi kwenye Grainda

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma mweka hazina. Mimi naleta taarifa ya usalama katika karakana zetu za kuchomelea, kwa sababu ndilo jukumu mlilolikabidhi kamati kwa mwaka mzima.

Kosa tulilolikuta karibu kila tulikopita ni grainda, mashine ya mkononi ya kukatia na kusugua chuma, isiyo na kava, yaani kinga inayofunika diski. Halitolewi kwa ukaidi. Diski ya inchi 4½ ya grainda ndogo haifiki ndani ya bomba nene, fundi anatamani diski ya inchi 7 ya grainda kubwa, na kava haliiruhusu kuingia. Basi kava linafunguliwa na halirudi tena. Sasa tazameni maandishi yaliyo juu ya diski yenyewe. Grainda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika. Diski ya inchi 7 imetengenezwa kwa mizunguko takriban 8,500 tu. Ukiifunga kwenye mashine ndogo, ukingo wake unakimbia zaidi ya mita 100 kwa sekunde, wakati kiwango chake ni 80. Hiyo ni kasi ya zaidi ya kilomita 370 kwa saa, na hakuna kitu kati ya diski na shingo ya fundi.

Hata diski ya saizi sahihi hupasuka ikitumiwa vibaya. Diski nyembamba ya kukatia haisuguliwi ubavu. Kusawazisha mshono kuna diski yake nene. Diski iliyolowa au iliyowekwa sakafuni penye unyevu inadhoofika bila kuonyesha alama. Kwenye pete ya chuma ya katikati pamechapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, na wauzaji wa mitaani hawaangalii hapo, kwa hiyo angalieni ninyi kabla ya kulipa. Sababu ya ajali ambayo wengi hawaijui ni namna ya kuegemeza chuma. Ukiegemeza bomba ncha zote mbili na kukata katikati, linabonyea chini, mkato unafunga na kuibana diski. Mashine inaruka kumrudia aliyeishika. Kifunge kipande upande mmoja, upande unaokatwa ubaki unaning'inia, ili mkato ufunguke wenyewe. Diski mpya ikishafungwa, iache izunguke dakika moja bila mzigo, nawe usisimame kwenye mstari wake.

Jambo la pili ni moshi. Kazi za mabomba ya galvanaizi, yaani yaliyopakwa zinki, zimeongezeka, na homa zake pia. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, chuma kinayeyuka karibu na 1,500. Yaani kabla mshono haujashika, zinki imeshageuka moshi mweupe unaoingia mapafuni. Saa chache baadaye, mara nyingi usiku, fundi anatetemeka, viungo vinauma, mdomo una ladha ya chuma. Anaamini ni malaria, anakwenda duka la dawa kununua dawa ya mseto ya malaria bila kupima, na kwa kuwa homa hii huisha yenyewe kwa siku moja au mbili, anaona dawa imefanya kazi. Wiki ijayo anarudia yale yale. Mwenye homa apime malaria, lakini amwambie daktari pia kwamba alichomelea galvanaizi.

Na je, kunywa maziwa kunasafisha moshi kifuani? Tumeulizwa hili kila kikao. Maziwa ni chakula kizuri, ila yanakwenda tumboni na moshi uko mapafuni. Hayasafishi chochote. Mwajiri anayegawa maziwa badala ya kuondoa moshi amejipunguzia gharama, hajamkinga mtu. Kinachosaidia ni kusugua zinki sentimita chache kila upande wa mshono kabla ya kuchomelea, huku umevaa barakoa ya vumbi, kisha kufanya kazi mahali pa wazi, upepo ukikupita ubavuni. Ukiupa upepo mgongo, moshi unazunguka mbele ya kifua na kupanda usoni. Barakoa ya kitambaa haizuii moshi huu. Inayofaa ni ya daraja la N95 au FFP2, yaani inayochuja chembe laini, ikaze usoni bila mwanya. Kwa wanaodhani ni suala la homa tu, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2017.

Macho nitayapitia haraka kwa kuwa mnayajua. Miwani ya jua si kinga. Kwa rodi za kuchomelea za milimita 2.5 na 3.2 kioo cha kinyago kiwe cha giza namba 10 au 11. Anayeumia zaidi ni saidia fundi anayeshika kipande huku amegeuza uso, pamoja na mama lishe jirani ambaye hakuomba mwanga huo. Turubai zito la kukinga mwanga ni wajibu wa mwenye karakana, na saidia fundi apewe kinyago chake mwenyewe.

Matenki ya mafuta: kamati inashauri yakataliwe na karakana isiyo na uwezo wa kuyasafisha. Dizeli inawadanganya wengi kwa kuwa haiwaki upesi kama petroli, lakini mabaki yaliyonata kwenye kona yakipashwa moto yanatoa mvuke, na mvuke huo ndani ya tenki lililofungwa ni bomu. Kunusa hakutoshi. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni, lisuuzwe, kisha lijazwe maji hadi karibu na mshono, vifuniko vikiwa wazi. Kwa wenye mitungi ya oksijeni, grisi au mafuta yasiguse regileta, yaani kifaa cha kupunguza presha ya gesi, wala mikono inayoifungua. Na mtu asijipulizie oksijeni kutoa vumbi nguoni. Nguo iliyoshiba oksijeni inawaka kwa cheche moja.

Sasa sheria, maana hapa ndipo wanachama wanapokwepa macho yangu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003 ya Tanzania, inataka sehemu ya kazi isajiliwe OSHA, yaani Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Vifaa kinga ni gharama ya mwajiri. Kumkata kijana posho kwa ajili ya glavu si halali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, na kumlipa mtu kwa siku hakukuondolei wajibu huo. Ajali ikitokea, andika siku hiyo hiyo: saa, kazi iliyokuwa ikifanyika, kifaa, walioshuhudia. Madai mengi yanakwama kwa kukosa karatasi hiyo moja. Na mkichelewa kutoa taarifa kwa kuogopa ukaguzi, anayebeba bili ya hospitali ni familia ya aliyeumia.

Kamati inaomba mkutano uidhinishe mambo mawili. Kwanza, chama kinunue diski na barakoa kwa jumla kutoka kwa msambazaji anayetoa risiti, na wanachama wauziwe kwa bei ya kununulia. Pili, karakana itakayokutwa na grainda bila kava isipewe kazi zinazopitia chama hadi irekebishe. Najua la pili litapingwa. Nimesikia hoja kwamba kava linachelewesha kazi, na ni kweli linachelewesha, hasa kwenye kona za grili. Kwa kona hizo tumieni msumeno wa chuma au tupa.

Makava ya akiba yako kwa katibu. Njooni na grainda yenyewe mkononi, kwa sababu shingo za mashine hazilingani, na kava lisilobana vizuri linazunguka pamoja na diski.